Kadi ya Siku Isiyo Sikukuu

Mama alipofariki, wenzangu wa kazini waliniletea kadi za rambirambi. Zilikuwa nzuri, nene, za kung'aa, zenye maua ya zambarau na maneno yaliyokwisha kuchapwa kwa wino wa dhahabu, hata mtumaji hakubakiwa na la kuongeza ila jina lake. Nilizipanga juu ya meza ya sebuleni kwangu hapa Iringa, na asubuhi moja, nikiwa peke yangu, nilijikuta nimeinua mojawapo na kuinusa. Haikuwa na harufu yoyote. Niliirudisha mahali pake kwa haya, kwa sababu nilijua nilichokuwa nakitafuta. Nilikuwa nikitafuta harufu ya uji wa ngano uliopoa, wenye matone ya ndimu ya kuwazuia mende, ambao kwetu ndio uliokuwa gundi. Kwa miaka yote ya utoto wangu, hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya vidole vya mama.

Nilikumbuka pia kwamba mama, ambaye mikono yake ilitengeneza kadi za kila namna, hakupata kutengeneza hata moja ya msiba. Watu walimwomba. Yeye aliwajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi wake, kwamba msiba hautumiwi kadi, msiba unaendewa. Kwa hiyo sikujua nizifanyie nini zile zilizokuwa mezani. Nimeziacha palepale, na badala ya kuzijibu nimeanza kuandika haya.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Mbeya, katika nyumba za wafanyakazi wa karakana ya barabara, upande ambao upepo wa mlima Loleza ulishuka moja kwa moja bila kuzuiwa na kitu. Baba alikuwa fundi wa injini. Kazi yake ilikuwa kuyafuata magari na mashine mahali zilipofia, mara Makongolosi, mara Rujewa, na kwa sababu hiyo ninamkumbuka zaidi akiwa anaondoka kuliko akiwa amekaa. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta usiofika juu, hivyo kila sauti ya chumba kimoja ilikuwa mali ya chumba cha pili. Chumba cha mbele kilifunguka barabarani. Cha nyuma kilifunguka uani, penye jiko na choo, kwa mlango ambao bawaba zake zililia kama paka kila ulipoguswa.

Mama alikuwa Mhehe wa Iringa. Ufundi wa kadi aliupata kwa masista waliomsomesha, ambao walikuwa na karatasi za rangi zilizoletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Mama hakuwa na karatasi hizo, alikuwa na Mbeya. Alikata maboksi ya mashati yaliyotupwa na wenye maduka. Alilainisha kwa ukucha karatasi za fedha za ndani ya pakiti za sigara mpaka zikawa kama kioo. Rangi ya njano aliitoa kwenye bizari, ya samawati kwenye bluu ya kufulia, ya hudhurungi kwenye majani ya chai yaliyochemshwa mara ya pili. Maua ya pareto, ambayo watu wa milimani waliyalima kwa ajili ya dawa ya wadudu, yeye aliyakausha chini ya godoro letu, nasi tulilala juu yake kwa uangalifu kama kuku aliye juu ya mayai. Kazi yangu ilikuwa kushika bakuli la gundi na kutopumua karibu na karatasi za fedha.

Watu walimjia kwa ajili ya Krismasi na Pasaka, kwa ajili ya arusi, ubatizo na kipaimara. Mteja wake wa Idd alikuwa jirani yetu Bi Mwanaidi, mwanamke mnene mwenye asili ya pwani, ambaye mumewe aliuza nguo karibu na soko. Bi Mwanaidi hakubisha hodi, aliingia akiwa ameshaanza kuzungumza.

"Shoga, mwaka jana uliniwekea jogoo. Idd na jogoo wapi na wapi?"

"Hakuwa jogoo, Bi Mwanaidi. Lilikuwa birika la kahawa."

"Birika lenye mkia?"

"Ule ni mshikio."

"Basi mwaka huu nitilie mwezi na nyota tu, halafu uache hapohapo. Shemeji zangu wa Iringa walicheka mpaka wakanitumia yai."

Mama alicheka akificha mdomo kwa mgongo wa mkono, maana vidole vilikuwa na gundi. Ninauweka hapa ule mcheko wake kwa makusudi, kwa sababu katika mambo yanayofuata hautasikika tena.

Babu, mzazi wa baba, aliishi Rungwe kwenye migomba yake. Kwa kina mama, kule Iringa, mkwe aliheshimiwa kwa kupigiwa magoti. Kwa kina baba, Wanyakyusa, aliheshimiwa kwa kutoonekana. Mkamwana hakumtazama baba mkwe wake, hakutamka jina lake, hakukutana naye njiani. Alipojua kwamba anakuja alijifunika kanga na kuondoka mahali pale, naye mkwe, ikiwa ni mtu wa adabu, alimpa nafasi ya kuondoka: alikohoa kabla hajafika. Mama aliukubali mwiko huo siku aliyoolewa. Wakati ninaousimulia alikuwa amekaa katika ndoa kwa muda unaozidi umri wangu, na hajapata kuuona uso wa baba wa mumewe.

Mimi, ambaye hakuna aliyenieleza chochote, nilielewa kinyume. Nilijua kwamba babu akija kututembelea husimama kwenye ua wa miti na kukohoa, kikohozi kikavu, kimoja. Na mama huacha alichoshika akatoweka nyuma ya nyumba. Sisi tuliwafukuza kuku kwa sauti iliyofanana na ile. Niliamini kwamba babu hampendi mama kwa kuwa si wa kabila lake, na kwamba mama anamwogopa. Hata pale alipolala hapakuwa kwetu. Alilala kwa mzee Ambakisye, mtu wa kijiji chake aliyefanya kazi karakana moja na baba, nyumba tatu kutoka yetu, na jambo hilo nalo nilihesabu kuwa ni uadui.

Kati yao kulikuwa na kadi, na mimi. Kila Krismasi na kila Pasaka mama alimtengenezea babu kadi, nami nilimpelekea pale kwenye ua wa miti. Haikuwa na maandishi, kwa kuwa hakujua kusoma, wala haikuwa na picha ya mtu. Mama alimwekea nyota, au ng'ombe, au jani la mwituni lililokaushwa. Babu aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akasema, "Ndaga," ambalo kwao ni shukrani na salamu na pole kwa pamoja. Hakuongeza neno. Nilimwona mgumu.

Ndizi alizotuletea zilifungwa kwa maganda makavu ya mgomba. Mwaka mmoja mama alipiga pasi ganda moja, akakata ng'ombe wa hudhurungi akamtia kwenye kadi ya babu. Safari iliyofuata babu alileta ndizi, na pembeni yake mafungu matatu ya maganda matupu: meupe, ya kahawia, na yaliyokaribia weusi, kila fungu limefungwa kwa ukamba wake.

Nilikwenda kumwambia Bi Mwanaidi kwamba babu sasa anamletea mama takataka.

"Takataka zilizopangwa hivyo," alisema Bi Mwanaidi, "mimi sijaletewa na mume wangu tangu anioe."

Sikumwelewa. Niliona tu kwamba mama aliyapiga pasi maganda yale taratibu, moja moja, kama mtu anayenyoosha shuka za mgeni.

Babu aliugua mwanzo wa majira ya baridi. Alishushwa na lori la chai mbele ya karakana, amejifunga blanketi juu ya koti, akitetemeka. Mzee Ambakisye alikuwa amekwisha kuhamishiwa Iringa, na nyumba yake ilikuwa na watu tusiowajua. Nakumbuka baba na mama wakizungumza jikoni, wakiwa wamesimama.

"Atalala kwetu," baba alisema.

"Kwetu wapi?"

"Chumba cha mbele."

"Na mimi nitakuwa wapi, Baba Mtu?" Ndivyo alivyomwita alipokasirika kwa heshima.

"Wewe utakuwa cha nyuma. Ukuta upo. Sisi ni Wakristo, mke wangu, na mji huu hauna nafasi ya kila mwiko wa Rungwe."

"Mji hauna. Yeye je? Umemuuliza?"

Baba alitundika blanketi la kijeshi kwenye mlango kati ya vyumba viwili, akamleta mganga wa zahanati akampa babu dawa ya homa, na baada ya siku chache akaitwa Makongolosi, ambako mashine ya kusawazisha barabara ilikuwa imekufa mahali pabaya. Alisema atarudi mwisho wa juma. Mashine haikukubali.

Tukabaki watatu. Babu alikuwa mbele, mama nyuma, na mimi nikipita chini ya blanketi nikiwa na uji, maji ya moto na majivu ya kutemea. Na babu alikohoa. Kila alipokohoa, mama aliondoka. Aliweka chini mkasi, au mwiko, au sindano, akajifunika kichwa, akausukuma ule mlango unaolia, akaenda kusimama nyuma ya jiko, kwenye ukungu. Aliporudi na kukaa, babu alikohoa tena, naye akainuka tena. Kuna wakati niliona chai yake ikipoa mara nne bila kuguswa. Sketi yake ilikuwa na umande mpaka magotini, na Bi Mwanaidi alimkuta hapo nje, mikono imefichwa kwapani.

"Anakohoa kwa sababu anaumwa, shoga. Hakohoi kwa sababu anakuja."

"Najua."

"Unajua, na umesimama kwenye baridi kama nguo iliyosahauliwa kambani."

"Choo kiko huku nyuma," mama alisema. "Lazima apite chumbani kwangu. Akikohoa kwa kuumwa, na akikohoa kwa kutaka kupita, mimi nitatofautishaje? Nikikaa mara moja tu, akafunua blanketi akanikuta nimeketi, hatanisamehe. Hatajisamehe yeye."

"Haya. Mkifa wote wawili kwa adabu, nitakuja kula pilau."

Alimletea tangawizi na blanketi. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo; ulimi wake ulitangulia, mikono ikafuata na kurekebisha.

Kisha kikohozi kikapungua. Kwanza kilikuja mara chache, halafu, ila kile kimoja cha alfajiri na cha usiku cha kupita chooni, kikanyamaza kabisa, na ule mlango ukanyamaza nao. Mama alianza kunywa chai ikiwa moto. Alisema, "Babu yako anapata nafuu," na nilisikia katika sauti yake furaha ambayo sikuitarajia kwa mtu ambaye adui yake anapona. Alikuwa na kazi ya kadi za arusi ya binti wa mwalimu mmoja wa Mbalizi, akaitandaza mezani. Kutwa nzima nyumba yetu ilikuwa na sauti moja tu, ya mkasi.

Mimi nilikaa na babu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alichokipata ujanani kwenye mashamba, nami Kinyakyusa changu kilikuwa cha kuomba chakula tu, kwa hiyo hatukuzungumza sana. Lakini tulikuwa na mchezo. Alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, mara alifumba mdomo ghafla, akaukaza, akashika pindo la blanketi na kulisukuma kati ya meno. Mishipa ya shingo ilimtoka. Macho yalijaa maji. Mabega yake yalitikisika bila sauti, na yeye akitazama muda wote ule upande wa nyuma wa nyumba. Mimi nilivuta pumzi nikafumba mdomo vilevile, tukatazamana. Mara zote nilishindwa mimi kwanza.

"Babu, umenishinda tena."

Alitoa blanketi mdomoni, akajifuta macho, akatabasamu.

"Wewe mdogo," alisema kwa sauti iliyokuwa imebaki ndogo. "Mimi nimezoea."

Tuliucheza mchezo huo siku nzima, na siku iliyofuata, na nyingine. Sijapata kumpenda mtu mzima kama nilivyompenda babu siku hizo. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba hata ugumu wake kwa mama utakwisha, kama mtu atamfundisha mama mchezo huo.

Ndiyo maana nilimwambia. Nilikuwa nimeshika bakuli la gundi, na mama alikuwa anakata njiwa wa arusi kutoka kwenye karatasi ya fedha.

"Mama, babu ananishinda kila siku."

"Anakushinda nini?"

"Kuzuia pumzi. Anatia blanketi mdomoni, anakuwa mwekundu, hapumui. Machozi yanamtoka lakini hacheki. Anatazama huku."

"Huku wapi?"

"Mlangoni kwako. Anasikiliza kama mlango unalia."

Mkasi ulisimama. Njiwa alikuwa na bawa moja tu, na mama alibaki ameshika lile bawa. Upande wa pili wa ukuta hapakuwa na sauti, na sasa nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwake kuusikiliza ule ukimya na kujua umejaa nini.

Alitoka kwenda kwa Bi Mwanaidi, nami nikamfuata. Walizungumza mlangoni.

"Mtume huyu mtoto amwambie babu yake akohoe," Bi Mwanaidi alisema. "Neno moja tu. Kohoa, mzee."

"Atajua kwamba nimekaa ukutani nasikiliza kifua chake. Mkamwana hauzungumzii mwili wa mkwe."

"Nitamwambia mimi."

"Basi atajua nimemsema kwa majirani. Ataondoka leo hii, kwa miguu, na homa yake. Simjui kwa sura lakini kwa hilo namjua."

Bi Mwanaidi alimtazama. "Mila zenu zitamuua yule mzee, shoga. Anajinyonga kwa blanketi ili wewe usiende kusimama kwenye baridi."

"Ndivyo alivyo. Hana njia nyingine ya kunitunza," mama alisema.

Tuliporudi aliziondoa kadi zote za arusi mezani. Akachukua boksi safi na maganda ya mgomba. Kutoka kwenye lile lililokaribia weusi alikata mafiga matatu na chungu. Kutoka kwenye la kahawia alikata mwanamke. Sikuamini, kwa kuwa katika kadi za babu hapakuwahi kuwa na mtu. Mwanamke huyo alikuwa ametugeuzia mgongo, kichwa kimefunikwa kwa ganda jeupe, na alikuwa ameketi chini karibu na moto, miguu yote miwili imenyooshwa mbele. Mama alikata ile miguu mara tatu, kila mara akiifanya mirefu zaidi, mpaka ikafika ukingoni mwa kadi. Kwetu mwanamke akiketi na kunyoosha miguu hivyo, hata mtoto anajua kwamba hana safari.

"Ni sikukuu gani?" nilimuuliza.

"Hakuna sikukuu."

"Sasa nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Mpe tu, ukae naye."

Niliipeleka kabla gundi haijakauka. Babu aliipokea kwa mikono miwili, lakini safari hii hakuitia mfukoni. Aliielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Alipomwona mwanamke, alishtuka akaigeuza kifudifudi juu ya goti, kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Akakaa hivyo. Kisha akaigeuza tena polepole.

"Huyu amekaa," alisema.

"Ndiyo, babu."

"Miguu amenyoosha?"

"Amenyoosha."

Alipitisha kidole juu ya ile miguu mpaka mwisho wake. Gundi mbichi ilimshika kidole, naye akaitazama. Halafu akaliweka blanketi kando, akainama, akakohoa.

Sijapata kusikia kikohozi kama kile. Kilitoka mbali, kikaja na vyote vilivyokuwa vimezuiwa siku zile, na hakikuisha. Nilimshika bega kwa hofu. Kati ya kikohozi na kikohozi aliinua kichwa na kusikiliza, na mimi nikasikiliza pia kwa kuwa yeye alisikiliza. Mlango wa nyuma haukulia. Nyuma ya ukuta tulisikia mkasi, ukikata bila kusimama, ukikata kwa nguvu kuliko kawaida, ili usikike.

"Ndaga," babu alisema. Hakusema kwangu.

Mama alikaa mpaka kikohozi kilipotulia. Nilipopita chini ya blanketi nilimkuta ameketi sakafuni, miguu imenyooshwa, na mapajani mwake kulikuwa na rundo la vipande vidogo vya karatasi visivyokuwa na umbo lolote. Alikuwa amekisikia kifua kile chote, tangu mwanzo hadi mwisho, na alijua kwamba si kifua cha mtu aliyepata nafuu. Aliniambia, "Kimbia kwa Bi Mwanaidi. Mwambie mumewe alete gari."

Walimtoa babu kwa mlango wa mbele, wamembeba kwenye kiti. Mama alikuwa amekwisha kwenda nyuma ya jiko, uso ukutani, kanga mpaka kiunoni. Alikuwa amehama kabla hawajamwinua. Kizingitini babu aliwashika mkono wasimame, akageuza kichwa kuelekea uani, akakohoa mara moja, kile kikohozi kikavu, kidogo, cha adabu. Nilichokisikia siku zote kama kufukuza, siku hiyo nilikisikia vingine, ingawa sikuwa na neno la kukiita.

Alikaa hospitalini siku chache. Ilikuwa nimonia, na ilikuwa imekaa mno. Baba alifika na vumbi la Makongolosi kwenye kope, akamkuta bado anapumua lakini hazungumzi. Jioni aliporudi nyumbani kutupa habari kwamba babu amekata roho, aliketi kwenye kitanda kile cha chumba cha mbele, akamuuliza mama kupitia blanketi lililokuwa bado limetundikwa:

"Ulikuwa naye nyumba moja. Hukumsikia akikohoa?"

Hakumuuliza kwa kumlaumu. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anavyouliza alipoweka kofia. Lakini mama hakujibu, siku hiyo wala nyingine. Ni mimi niliyesema kwamba babu alikuwa hodari wa kuzuia, na baba aliniambia ninyamaze.

Tulimpeleka Rungwe kwa lori la karakana. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha juu ya migomba, na wanawake walikuwa wamejaa nyumbani kwake mpaka nje. Mama alikaa mwisho kabisa, karibu na zizi, akiwa amegeukia ukuta ingawa aliyemwepuka alikuwa amelala ndani ya sanduku. Kabla ya kulifunga, Shangazi Sekela, dada yake baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa kauli fupi, alikuja akamshika mkono.

"Njoo umuage. Mwiko umekwisha. Sisi ni watu wa kanisa, mkamwana wetu, na baba hawezi tena kuona aibu. Nitamfunua uso."

Mama alisimama. Nilidhani atakwenda. Akapiga hatua moja, kisha akatikisa kichwa.

"Msimfunue, wifi," alisema. "Mkimfunua nitamwona mtu nisiyemjua."

Shangazi alimwachia mkono. Sanduku likafungwa, nasi tukasikia misumari.

Katika kurudi Mbeya tulikaa nyuma ya lori, mama na mimi, tumeegemea magunia. Baba alikuwa mbele na dereva. Tulikuwa tumeshaipita misitu na kuanza kuteremka, baridi ikipenya chini ya turubai, mama alipozungumza kwa mara ya kwanza tangu tuondoke kaburini.

"Alikuwa na sura gani?"

Sikuelewa anamuulizia nani. Ilinibidi nimtazame kwanza. Ndipo nilipogundua, nikiwa na umri ule, juu ya magunia yale, kwamba mama hajui. Mtu aliyempelekea nyota na ng'ombe na majani, aliyempigia pasi maganda yake, aliyemsikiliza akiumia, hakuwa na uso wake. Mimi ndiye niliyekuwa nao.

Nilianza na masikio, kwa sababu yalikuwa makubwa na yalinifurahisha. Nikasema yalikuwa na nywele ndani. Nikasema alikuwa na pengo mbele, na alipotabasamu ulimi ulionekana kidogo. Nikasema juu ya nyusi, kwamba moja ilikuwa na mvi na nyingine haikuwa nazo, na juu ya kovu la kidevuni ambalo alisema alilipata kwa ndama. Nilijitahidi nisiruke kitu. Mama alikuwa amejifunika kanga uso mzima, kana kwamba babu mwenyewe anapita. Na kila nilipotaja kitu, aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeitikia salamu.